Kizuizi Kwanza, Wapenzi Baadaye: Chimbuko la Wahusika na Msuko katika Riwaya ya Mapenzi

Mwalimu mwenzangu, waulize wanafunzi wako swali hili jepesi: mwandishi huyu aliwapata wapi wahusika wake? Aghalabu utapokea majibu ya aina mbili. Wapo watakaosema kwamba mambo haya yalimfika mwandishi mwenyewe. Wengine watasema ameyatunga tu, na kwao kutunga ni jina la heshima la uongo. Wa kwanza huisoma riwaya kama wasifu, akaanza kumtafuta mwandishi nyuma ya kila mlango. Wa pili haoni haja ya kuisoma kwa makini, maana uongo hauna cha kuhakikiwa. Hasara hii huwa kubwa zaidi tunapofika kwenye riwaya ya mapenzi, kwa kuwa hiyo ndiyo riwaya ambayo wanafunzi wetu huisoma bila kushurutishwa, chini ya dawati, na ndiyo tunayowanyang'anya.

Ninayoyashikilia katika makala haya ni kwamba mtunzi wa riwaya ya mapenzi haanzi kwa kuwatafuta wapenzi. Wapenzi wako kila mahali, na ukweli ni kwamba wanafanana sana: msichana mzuri, kijana mwenye maneno matamu. Anachokitafuta mtunzi ni kile kinachowazuia wasioane, yaani ni nani katika jamii ile mwenye uwezo wa kusema "hapana", na kwa nini anasikilizwa. Akishakipata kizuizi, wahusika hujitokeza karibu wenyewe, na msuko huwafuata.

Tuanze Unguja. Muhammad Saleh Farsy alichapisha Kurwa na Doto mwaka wa 1960, hadithi ya mapacha wawili waliofanana sura wakatofautiana tabia, na suala la ndoa likiwa katikati yao. Walimu wengi wanaijua riwaya hii kwa jina tu. Wasichokikumbuka ni kwamba miaka minne kabla yake, mwaka wa 1956, Farsy alikuwa ametoa kijitabu kuhusu ada za harusi katika Unguja. Basi hatuna haja ya kubahatisha alikoyatoa maarifa yake. Mtu ambaye amekwisha kuandika hatua za uchumba na harusi moja baada ya nyingine, anajua pia ni hatua ipi inayoweza kukwama. Hata jina dogo la riwaya yenyewe linatuambia kwamba ni maelezo ya makazi katika kijiji cha Unguja. Kwa maoni yangu riwaya hiyo imelemewa kidogo na maelezo hayo, na mara nyingine msomaji huhisi kwamba mwandishi ameisahau hadithi kwa kuinogea desturi. Lakini inatuonyesha waziwazi ghala ambamo mtunzi alichota.

Mfano ulio bora zaidi ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka wa 1999. Ukiwauliza wanafunzi riwaya hii inahusu nini, nusu watasema mapenzi ya Yasmin na Denge, na nusu watasema ukombozi wa Zanzibar. Kisha watabishana kipindi kizima. Ubishi huo hauna msingi, kwa sababu kizuizi cha mapenzi haya na kizuizi cha uhuru ni kitu kilekile. Yasmin ni binti wa Kihindi wa miaka 15 anayeozwa Bwana Raza, mwenye duka ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Anamtoroka. Jamaa zake wanamfungia mlango. Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili, ndiye anayempokea Ng'ambo, na huko ndiko anakokutana na Denge, kijana Mwafrika aliyesoma Urusi, ambaye polisi wa mkoloni wanamwinda usiku na mchana. Hebu hesabu watu wenye uwezo wa kusema "hapana" hapo: mume, jamaa, rangi, dini, na juu yao wote serikali ya Mwingereza. Mwondoe mkoloni, na Denge atabaki kijana mwenye maneno mengi tu. Mwondoe Raza, na Yasmin hana sababu ya kuvuka kutoka mjini kwenda Ng'ambo.

Sasa Shafi aliyapata wapi haya? Alizaliwa Unguja mwaka wa 1940, kwa hiyo miaka ya hamsini, wakati vyama vya siasa vilipopamba moto, yeye alikuwa kijana wa rika la kusikia kila kitu. Yeye mwenyewe aliondoka nyumbani kutafuta elimu ughaibuni, safari aliyoisimulia baadaye katika Mbali na Nyumbani mwaka wa 2013, na alisoma Ujerumani ya Mashariki. Vijana wa Zanzibar waliosoma katika nchi za kikomunisti, wakarudi na vitabu na fikira ambazo serikali ya kikoloni haikuzitaka, hakuhitaji kuwabuni. Denge basi ametoka katika rika zima. Hapa ndipo mwanafunzi wetu wa kwanza anapokosea, yule anayesema "ni mwandishi mwenyewe". Tazama pia njia ambayo Shafi aliizoea: Kuli ya 1979 imesimama juu ya mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka wa 1948, na Haini ya 2003 inatokana na kukamatwa kwa watu, naye akiwemo, baada ya Rais Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972. Mtunzi huyu huanza na tukio la umma, kisha huuliza ni nyumba ya nani iliyotikiswa nalo. Amil Shivji alipoigeuza Vuta N'kuvute kuwa filamu mwaka wa 2021, alilazimika kupunguza mengi, lakini kizuizi hicho hakuweza kukigusa.

Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka wa 1972, kizuizi ni pesa. Mwinyi, mzee tajiri, anamtaka Bahati. Bahati anampenda Idi. Na Idi anapenda mali. Ni pembetatu ambayo pembe moja imeoza. Ukiwa na nafasi, ifundishe sambamba na Vuta N'kuvute, uone jinsi mzee mwenye uwezo anavyorudi tena na tena katika riwaya za visiwani. Mzee huyo alikuwapo, na watunzi walimwona.

Kuna chimbuko jingine ambalo wahakiki wetu huliruka kwa aibu, nalo ni sinema. Awaara, filamu ya Kihindi ya mwaka wa 1951 aliyoigiza Raj Kapoor pamoja na Nargis, iliwaliza watu wa Unguja na Pwani kwa miaka mingi. Mwanahistoria Laura Fair aliwahoji wazee wa Zanzibar kuhusu filamu hizo, na jambo analolionyesha katika utafiti wake lafaa tulichukue: watazamaji walizitumia kujadiliana kuhusu mapenzi na ndoa za kuchaguliwa na wazazi, majadiliano ambayo nyumbani yalikuwa mazito. Kwa nini filamu za Bombay ziliwaingia kuliko za Marekani? Kwa sababu kizuizi kilikuwa kilekile cha kwao: baba, ukoo, heshima, jina la mtu aliyezaliwa vibaya. Mtunzi akichota kutoka huko hatuna sababu ya kumlaumu. Hata Shakespeare hakubuni kisa cha Romeo na Juliet. Alikikuta tayari katika utenzi wa Arthur Brooke uliochapishwa mwaka wa 1562.

Lakini kuna chimbuko ambalo halijatufaa. Nazungumzia vile vijitabu vya Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka wa 1908, ambavyo vimezunguka katika mabweni yetu kwa miongo mingi hadi majalada yakanyofoka. Sivipigi marufuku. Anayesoma chochote ni bora kuliko asiyesoma. Ila angalia kizuizi chake kilivyo. Mara nyingi shujaa wa kike hana wazazi wa kumzuia, wala hana mjomba. Kinachowatenga wapenzi kiko ndani ya mioyo yao: kiburi, kutoelewana, jeraha la zamani. Kikiondoka hicho, ndoa inafuata, na hakuna anayeuliza mahari. Mwanafunzi wetu akiiga mtindo huo katika insha, huiga wapenzi bila kizuizi chao. Nimesahihisha insha za mapenzi ambazo watu hukutana uwanja wa ndege, wakala chakula kwa mishumaa, wakaachana kwa sababu isiyoeleweka na kurudiana kwa sababu isiyoeleweka zaidi. Aliyeandika anakaa Kenyenya, na mishumaa anaijua ya siku stima zinapopotea.

Wakati huohuo amekalia hazina. Miaka ya arubaini mtafiti Philip Mayer alichunguza mahari ya Abagusii, na mambo aliyoyaeleza wazee wetu bado wanayajua bila kumsoma. Ng'ombe wanaotolewa kwa ajili ya dada ndio ambao kaka yake huwatumia kuoa. Kila kaka alikuwa na dada yake aliyefungamana naye kwa njia ya ng'ombe hao. Dada akiachika, ng'ombe wanadaiwa, na ndoa ya kaka inatikisika ingawa yeye na mkewe hawana ugomvi. Mahaba mawili yamefungwa kwa kamba moja! Ongeza hapo esigani, yule mshenga anayetumwa kuchunguza ukoo wa mchumba, ambaye neno lake moja laweza kuvunja kila kitu. Ongeza na msemo wetu wa kale kwamba tunaowaoa ndio tunaopigana nao, kwa kuwa mke hatoki katika ukoo wa mtu mwenyewe. Huku Bomachoge tunapakana na Transmara, na mpaka huo pia una hadithi zake.

Utaniambia hayo yamepitwa na wakati. La hasha, yamebadilika sura tu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka wa 2014 imeweka umri wa chini kuwa miaka 18, na inasema kwamba pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, sehemu ndogo tu yatosha. Wazee wanaijua sheria, na bado wanahesabu. Siku hizi ng'ombe huweza kufika kwa M-Pesa, bila kwato wala mkia. Kati ya sheria inayosema "kidogo chatosha" na baba mkwe anayesema "bado", pana riwaya nzima inayomngoja mwandishi.

Wapo wanaohofu kwamba kuwaelekeza vijana kwenye mambo ya nyumbani ni kuwafundisha umbea. Hofu hiyo nina sababu ya kuijua. Msichana mmoja katika darasa langu aliandika insha ya ng'ombe wanne. Kaka mtu alikuwa amempata mchumba, ng'ombe hapakuwa, dada alikuwa bado shuleni, na kila jioni mtu mmoja mezani alikuwa akitaja umri wa dada huyo kana kwamba ni bei. Ilikuwa insha bora kuliko zote za mwaka huo. Kabla haijafika katikati, nusu ya darasa walikuwa wamekwisha kujua ni boma la nani, na vichwa viligeuka upande mmoja.

Hapo mwalimu hana budi kuwa na jibu, na jibu lisiwe kurudi kwenye mishumaa. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, ambayo wengi wetu tuliifundisha ilipokuwa kitabu teule, ina kisa cha Mwalimu Majisifu anayeuiba mswada wa Amani na kuutoa kwa jina lake. Huo ni wizi, na wanafunzi huutambua mara moja. Kuchukua tukio la jirani si wizi wa namna hiyo, maana tukio halina hatimiliki, lakini kuna deni ndani yake. Mtunzi hulilipa kwa kazi: anamvua mtu uso wake, jina lake, kijiji chake, na kubakisha kizuizi peke yake. Walibora mwenyewe alifanya hivyo katika Siku Njema ya 1996. Alikulia Trans Nzoia, na Kitale imo katika riwaya, lakini shujaa wake Kongowea anatoka Tanga na ni mwana wa mwimbaji wa taarabu. Wanafunzi wanaosisitiza kwamba Kongowea ni Walibora wanapaswa kuulizwa kwa nini basi alijipa shida ya kumpeleka mbali kiasi hicho.

Nilimpa msichana yule kazi hiyo: mwache kizuizi, badilisha kila kitu kingine. Wiki mbili baadaye alileta insha upya. Ng'ombe walikuwa bado wanne. Boma lilikuwa limehamia upande wa pili wa mpaka, kaka mkubwa amekuwa kaka mdogo, na msimulizi sasa ni mama, ambaye zamani yeye mwenyewe aliolewa ili nduguye apate mke, na hakuwahi kumwambia mtu. Iliposomwa, hakuna aliyegeuka kumtazama mwenzake. Walichotaka kujua ni kama mama atasema.