Kupanda na Kupaa: Mji Mtakatifu Usomwapo Buha

Miji mitakatifu huzuriwa na wachache kwa miguu na wengi kwa masikio. Katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Buha, zilipo Kasulu na Kibondo, mji wa Yerusalemu wajulikana kwa masikio. Na sauti iliyouleta kwa watu wengi ni ya Kiswahili. Lugha hii ilipanda huko kutoka Ujiji, bandari ya misafara ya karne ya 19, ikawakuta watu wanaosema Kiha na kumwita Mungu Imana. Iliwaletea majina mawili ya mji mmoja. Msomaji wa Biblia alipewa Yerusalemu. Msikilizaji wa kisa cha miiraji alipewa Baitul Mukadasi. Majina hayo hayafanani hata kwa herufi moja ya mwanzo, na mwanafunzi aweza kuyasoma yote mawili asitambue kwamba lango ni lile lile.

Yafaa kwanza kuzitazama Zaburi katika Tafsiri ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952 ili wasomaji wa Mombasa na wa Unguja wawe na Biblia moja. Zaburi ya 120 hadi ya 134 ni nyimbo za mahujaji, na wazo linalozibeba ni kupanda. Kwa mtu wa pwani, ambaye miji yake i kando ya bahari, kupanda kwenda mjini ni fumbo. Kwa mtu wa Kasulu ni jambo la miguu, kwani atokaye ziwani Kigoma hana budi kupanda. Hata hivyo vipimo vyasema jambo la ajabu. Yerusalemu u kimo cha mita 750 hivi juu ya bahari, karibu sawa na uso wa Ziwa Tanganyika. Kasulu yapita mita 1,000. Msomaji wa Buha, basi, yuko juu kuliko mji anaouimba. Kupanda kwa Zaburi kwahesabiwa tangu mahali aanzapo msafiri, na Yeriko i zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Mwimbaji wa kwanza alitoka jasho kabla ya mfasiri kuona fumbo. Ndiyo sababu Zaburi ya 122 yataja miguu, malango, kuta na majumba: mji wake una mawe.

Tenzi za miiraji zafuata njia nyingine. Miiraji ni neno la Kiarabu, na asili yake ni ngazi. Mtume achukuliwa usiku kutoka Makka hadi Msikiti wa Aksa, kama isemavyo Kurani katika sura ya 17. Kwa mapokeo huswali hapo na manabii, kisha hupaa mbinguni. Hapa mji ni kipandio cha kwanza cha safari, wala si mwisho wake. Bahari ya utenzi, yenye mizani nane katika kila kipande na kina cha mwisho kinachorudi beti zote, yaifaa sana kazi hiyo, maana huendesha kisa mbio. Walakini mbio hizo zina hasara yake: msikilizaji aghalabu hupita mjini asione njia, soko wala nyumba.

Hapo ndipo kila upande unapomhitaji mwenzake. Zaburi humwonyesha msomaji mji wenyewe, lakini msomaji Mkristo husahau upesi kwamba nyimbo hizo zilikuwa za Wayahudi, na kwamba wangali wakisali kwenye Ukuta wa Magharibi. Kisa cha miiraji hakikawii mjini, lakini huwaweka Ibrahimu, Musa na Isa katika safu moja ya sala. Hukiri kwamba wengine walitangulia. Katika mji wenyewe, funguo za Kanisa la Kaburi Takatifu zimekaa karne nyingi mikononi mwa Waislamu. Kiswahili nacho kilikuwa kimekwisha kushiriki: hekalu na madhabahu ya Biblia, kama msikiti, ni maneno yaliyotoka Kiarabu.

Kwa hiyo mwalimu wa fasihi afundishaye Kasulu au Kibondo asizitenge kazi hizi, moja kwa darasa la dini hii na nyingine kwa darasa la dini ile. Kasulu ni makao ya dayosisi ya Kianglikana tangu 1966, na Ujiji, mji wa kale wa Waislamu, hauko mbali; watoto wa pande zote mbili huketi dawati moja. Wilaya hizo zimepokea pia wakimbizi, Nyarugusu tangu 1996 na Nduta tena mwaka 2015. Mbele ya watu hao Zaburi ya 137, wimbo wa waliohamishwa ambao hawawezi kuuzuru mji wao, haihitaji ufafanuzi mrefu.

Mwanafunzi hatakiwi kubadili imani yake ili asome hivyo. Atakiwa tu kujua kwamba Baitul Mukadasi ya jirani yake ni Yerusalemu yake mwenyewe, na kwamba asomaye jina moja ameuzuru nusu ya mji.