Wiki 9 za Kupima Mikono Inayokufa Ganzi

Mwaka 1998 jarida la kiropraktiki la Marekani lilichapisha jaribio lililoshindanisha tiba mbili zinazogombea wagonjwa wa aina moja: upande huu vidonge, upande ule mikono ya tabibu wa kiropraktiki, anayenyoosha viungo. Wagonjwa walikuwa 91, wote wakisumbuliwa na mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono.

Kwanza walipimwa jinsi umeme unavyosafiri ndani ya mshipa huo. Hatua hiyo ni ya kusifiwa, kwa sababu ganzi ya vidole huweza pia kuanzia shingoni au kuletwa na kisukari.

Njia anamopita mshipa huo kifundoni ni nyembamba. Chini kuna mifupa, juu ukano mgumu, na katikati hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Fundi cherehani au msusi anayerudia mwendo uleule kwa nguvu kutwa nzima huweza kuvimbisha sehemu hiyo hadi mshipa ukakosa nafasi. Gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete hufa ganzi. Kidole cha mwisho husalimika kwa kuwa mshipa wake hupita kwingine. Usiku mambo huwa mabaya zaidi, maana wengi hulala wamekunja mkono.

Kundi la kwanza lilimeza ibuprofeni miligramu 800 mara 3 kwa siku katika wiki ya kwanza, mara 2 katika ya pili, kisha kadiri ya maumivu kwa wiki 7, bila kuzidi miligramu 800 kwa siku. Kundi la pili lilikwenda kwa tabibu mara 16 katika wiki hizo 9. Lilinyooshwa viungo vya mkono na uti wa mgongo, likakandwa misuli, likatibiwa kifundo kwa mawimbi ya ultrasaundi.

Makundi yote mawili yalipata nafuu. Vidole vilirudisha hisia na mishipa ikapitisha umeme vizuri zaidi. Hakuna kundi lililolishinda jingine.

Mtetezi wa kiropraktiki atasema tiba yake imelingana na dawa. Amekwenda mbio mno. Wagonjwa wa pande zote mbili walikuwa wakilala na banzi la kushikilia kifundo kisikunjike, na halikuwapo kundi la tatu lililovaa banzi peke yake. Nani basi aliyewaponya: vidonge, tabibu, banzi, au muda wenyewe? Jaribio halikujengwa kulijibu swali hilo. Kunyoosha uti wa mgongo kulichanganywa na ultrasaundi na ukandaji, hivyo hata ndani ya kundi la pili mchango wa kila kimoja haujulikani.

Kwa mtu anayelipa kutoka mfukoni, kwenda kwa tabibu mara 16 si mchezo. Aanze na banzi la usiku na kupumzisha mkono kila mara awapo kazini. Misuli ya gumba ikianza kunywea, aende hospitali bila kusubiri. Na akubali kukandwa mkono akipenda, lakini asikubali kuzungushwa shingo kwa nguvu kwa ajili ya kifundo: ni nadra, ila mishipa ya damu ya shingoni imewahi kuchanika hivyo na kuleta kiharusi.