Ngoma na Jina Lake: Maonyesho ya Bujora Yatazamwapo kutoka Rulenge

Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, yapata kilomita 20 mashariki ya mji wa Mwanza, yamesifiwa mara nyingi kwa wingi wa vitu vyake; lakini sifa yake iliyo kubwa zaidi ni mpango wake. Padre David Clement, mmisionari Mkanada aliyeianza kazi hiyo katika miaka ya 1950 pamoja na Wasukuma wenyewe, hakuridhika na vitu vilivyofungiwa kabatini. Banda la watemi lilijengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Mhunzi alipewa nyumba yake, na mganga yake. Nalo banda la wachezaji laeleza habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyotokana na ushindani wa Ngika na Gumha katika karne ya 19. Hivyo mtazamaji huonyeshwa kwanza mahali pa kitu katika maisha ya watu, ndipo aonyeshwe kitu chenyewe.

Hata hivyo, ngoma za watemi zaleta swali ambalo mpango mzuri peke yake hauwezi kulijibu. Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963. Tangu hapo ngoma hizo hazina kazi katika serikali, na mtazamaji hawezi kuziona kuwa zaidi ya mti na ngozi ila kwa msaada wa maneno. Je, maneno hayo yawe ya lugha gani? Hapana ubishi kwamba mgeni atokaye Tanga au Mtwara yafaa aelezwe kwa Kiswahili. Lakini neno "ngoma", kwa Kiswahili cha leo, humletea msomaji fikra ya chombo kipigwacho, ya mchezo, na ya sherehe yake. Halimletei fikra ya dola.

Hasara hiyo huonekana wazi zaidi mtu akiupima mfano wa Bujora kwa haja za Rulenge, wilayani Ngara, upande wa pili wa Ziwa. Huko, na katika wilaya jirani ya Biharamulo, mambo ya kale hayakuhifadhika kwa kadiri moja. Boma la Wajerumani la Biharamulo lingali limesimama, na kuta zake za mawe hazihitaji mkalimani. Vyombo vya mwami havina bahati hiyo. Washubi wa Rulenge na Wahangaza wa Bugufi husema lugha zilizo jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Na katika Kirundi na Kinyarwanda neno *ingoma* ni chombo, tena ni ufalme, tena ni muda wa kutawala. Maana hizo si pambo la washairi. Karyenda ya Burundi na Kalinga ya Rwanda zilikuwa alama ya ufalme wenyewe, hata bendera ya Burundi ikachorwa Karyenda tangu uhuru wa mwaka 1962 mpaka ufalme ulipoondolewa mwaka 1966. Chombo cha namna hiyo kikiandikiwa "ngoma" bila neno jingine, tafsiri imekishika chombo na kuiacha nchi.

Wako watakaosema kwamba majina ya lugha za makabila, yakitangulizwa katika maonyesho ya watu wote, yatawagawanya wananchi. Historia ya Kiswahili chenyewe yalijibu shaka hilo. Neno "mtemi" limeingia kutoka lugha za Wasukuma na Wanyamwezi, likiwa na mzizi ambao aghalabu huhusishwa na kutema, yaani kufyeka msitu au kukata shauri. Wala halikumgawanya mtu. Tena pwani nako mamlaka yalikuwa na sauti: siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu, zilikuwa vyombo vya enzi kabla ya kuwa vitu vya kutazamwa. Msomaji wa Kiswahili akikumbushwa siwa, ataielewa *ingoma* upesi.

Basi maonyesho yoyote yatakayopangwa Rulenge yaige Bujora kwa nyumba zake, lakini yaanze na jambo jingine. Kila kitu kiandikiwe kwanza jina lake kwa lugha ya waliokitengeneza, katika umoja na wingi, pamoja na kidatu na urefu wa irabu, kwa kuwa lugha za jamaa hiyo hutofautisha maana kwa njia hizo. Kisha kiandikiwe kitenzi cha kazi yake: ngoma ililiaje, kwa ajili ya nani, na nani alikatazwa kuigusa. Maelezo ya Kiswahili yafuate, yakiwa marefu kadiri yahitajikavyo.

Kazi hiyo haina nafasi ya kuahirishwa. Ngoma yaweza kungoja ghalani miaka mingi, ikapakwa dawa ya wadudu, ikatolewa siku jumba litakapokuwa tayari. Jina lake limo vinywani mwa wazee, ambao wajukuu wao husomeshwa kwa Kiswahili, na wazee hao hawawekwi ghalani. Jumba likitangulia na majina yakachelewa, Rulenge itapata mti na ngozi tu.