Taa za Duara, Kando ya Mweru

Anayetafuta taa za mbele za Land Rover ya zamani akiwa Kashikishi, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, huanza na bahati moja: kipimo. Taa ya duara ya inchi 7 ilienea duniani kwa miongo mingi, hata ile iliyofungwa kwenye Mini au Morris Minor ikaweza kukaa kwenye Land Rover bila ugomvi. Marekani karibu magari yote mapya ya 1940 yalivaa taa za kipimo hicho.

Bahati yenyewe huishia ziwani.

Zambia huendesha kushoto. Ng'ambo ya Mweru, Kongo huendesha kulia. Taa iliyovushwa kutoka Pweto, upande huo wa Kongo, itaingia kwenye tundu lake, skrubu zitakubali, mwenye gari atalipa akiwa na furaha. Usiku akitia dimu, mwanga utapanda upande usio wake na kumpofusha anayekuja, huku ukingo wa kushoto, wenye waenda kwa miguu na baiskeli za samaki, ukibaki gizani.

Fundi aliyeiva hahitaji betri kuligundua hilo. Huigeuza taa juani, akapapasa mifereji ya kioo kwa kidole gumba na kutafuta kamshale kadogo kwenye alama za kiwandani. Taa ya barabara za kushoto huwa na mshale unaoelekea kulia kwa anayeitazama kwa mbele. Ya barabara za kulia haina mshale kabisa. Kisha huchungulia riflekta. Ikiwa na vumbi, huipuliza tu, kwa kuwa utando wake wa alumini ni mwembamba na kitambaa huuchubua. (Wangapi wameua taa nzima kwa kuipenda mno, wakiisugua kama sufuria!) Mwisho gari husimamishwa mbele ya ukuta, magurudumu yamejazwa upepo sawasawa na mzigo ukiwa mahali pake, maana magunia ya samaki nyuma huinua pua ya gari, na mwanga nao hupanda.

Siku hizi mtindo wa kizamani umerudi, lakini umerudi kama sura. Huko Marekani wenye Ford za 1932 zilizofumuliwa na kuongezewa nguvu bado husaka taa za enzi zile kwa subira. Kwingine yanauzwa maduara meusi ya LED yenye pete ya mwanga, mazuri pichani, na mnunuzi haulizi ni ya upande gani wa barabara. Wengine huchomeka globu ya LED ndani ya riflekta iliyochongwa kwa ajili ya uzi wa globu ya kawaida; chanzo cha mwanga kikikaa pasipo pake kwa milimita chache tu, dimu hugeuka fulu kwa dereva wa mbele. Huyo naye hujibu kwa fulu yake, wakapishana wote wawili bila kuona ukingo wa barabara, na fundi wa kupapasa vioo hakuna aliyemwita.