Behewa Namba 12 na Kigoda cha Babu

Kijijini kwetu Mbalibali hakuna reli. Ukitaka kuiona treni ukitokea huku kwetu Serengeti una njia mbili: uteremke Mwanza, ambako reli ya kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, au uvuke mpaka pale Sirari uelekee Kisumu, ambako Reli ya Uganda iliyagusa maji ya ziwa mwezi Desemba 1901. Katikati ya miji hiyo miwili, mkoa wote wa Mara ulibaki na meli na vumbi la barabara. Vijana wa huku waliopata nafasi ya kusoma Tabora enzi za mkoloni walipandia treni Mwanza, na nina hakika waliporudi likizo walisimulia behewa kuliko walivyosimulia darasa.

Kwa hiyo mimi si mtu wa reli. Nilikuwa Nairobi kwa harusi ya binamu yangu, nikabakiwa na mchana mzima bila kazi, nikaingia Makumbusho ya Reli yaliyo jirani na stesheni ya zamani. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa bado chini ya shirika moja. Miaka sita baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, kila nchi ikabaki na vichwa vyake vya treni na mabehewa yake. Uani wamesimama majitu, vichwa vya mvuke vya aina ya Garratt vilivyopewa majina ya milima. Kimoja kinaitwa Mount Gelai, kingine Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upareni. Milima yetu miwili imehamia Nairobi bila pasipoti. Watoto wa shule walikuwa wamevipanda kama sisimizi juu ya mfupa.

Kwenye behewa namba 12 hakukuwa na mtoto hata mmoja.

Hilo ni behewa la ukaguzi la miaka ya mwanzo kabisa ya Reli ya Uganda. Usiku wa tarehe 6 Juni 1900 lilikuwa limeegeshwa stesheni ya Kima, na ndani yake walikuwamo Charles Henry Ryall, mkuu wa polisi wa reli, pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Walikuwa wakimvizia simba mla watu. Ryall alishika zamu, usingizi ukamshika yeye. Simba akapandia mlango wa kusukuma pembeni. Uzito wake ukaliinamisha behewa na mlango ukateleza, ukajifunga nyuma yake. Akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamnyakua Ryall, akatoka naye dirishani. Mwandishi Patterson alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake cha simba wa Tsavo, kilichotoka mwaka 1907. Sisi tunaoishi ubavuni mwa hifadhi hatuhitaji kuongezewa chumvi, tunajua simba habishi hodi. (Kwamba stesheni yenyewe inaitwa Kima, neno ambalo kwa Kiswahili ni nyama ya kusaga, huo ni utani ambao sikuutunga mimi.)

Nilikaa pale zaidi ya saa nzima, wala si kwa ajili ya simba. Nilikuwa natazama mbao. Behewa lina zaidi ya miaka 120, limevuka vita mbili kuu, uhuru wa nchi tatu na kuvunjika kwa shirika lililolimiliki, na bado unaweza kusimama kando ya dirisha ukapima kwa jicho upana wa bega la mnyama yule. Nikajiuliza ni nani aliyekuwa na subira ya kutolibadilisha.

Nauliza hivyo kwa sababu nina kosa langu. Nyumbani kulikuwa na kigoda cha babu, cha miguu mitatu, kilichochongwa kutoka gogo moja. Nilipokuwa na miaka 15, nimefundishwa useremala kidogo shuleni, nilichukua msasa Jumamosi moja nikakisugua kigoda kile kutwa nzima mpaka kikawa cheupe kama kuni mbichi, kisha nikakipaka vanishi. Jioni nikamwonyesha bibi, nikingoja sifa. Alikitazama, akaniuliza, "Mjukuu wangu, kigoda cha mzee kiko wapi?" Nikajibu, "Si ndicho hiki, bibi." Akasema, "Hiki umenunua mnadani." Hakunigombeza, alirudi jikoni. Weusi ule uliokolea kwa moshi, maziwa, mafuta ya ng'ombe na miaka yote ya kukaliwa nilikuwa nimeufagia chini pamoja na vumbi la mbao.

Fundi wa mabehewa ya zamani hufanya kazi yake yote pembeni mwa kosa hilo.

Kichwa cha treni ni chuma. Kikipigwa na mvua kinapata kutu, lakini kitakusubiri miaka ishirini ukikusanya pesa. Behewa la zamani halikusubiri hivyo, kwa sababu ni nyumba ya mbao iliyowekwa juu ya magurudumu ya chuma, ikatikiswa miaka hamsini, ndani yake mna kitambaa, ngozi, kioo, kamba, shaba na karatasi. Kila kimoja kinaoza kwa namna yake. Mbao hunywa maji na kuvimba, kisha kiangazi hukauka na kusinyaa, na chuma kilichozishika hakifuati mwendo huo. Basi maungio hulegea. Pakilegea maji huingia, na nyuma ya maji wanakuja mchwa, ambao sihitaji kumweleza mtu wa Mara ni akina nani.

Ndiyo maana fundi mzuri haanzi na viti. Anaanza juu. Mapaa ya mabehewa ya mbao yalikuwa ya mbao nyembamba zilizofunikwa kwa turubai lililolowekwa rangi nzito, na turubai likipasuka mahali padogo tu, doa litatokea mbali na tundu lenyewe, kwa kuwa maji hutembea na mkunjo wa paa kabla ya kudondoka. Anafuata doa kinyumenyume kama mtu anayefuata nyayo za ng'ombe aliyeibwa. Akishaziba juu, anashuka madirishani. Dirisha la zamani la treni halifunguki kwenda nje. Linashuka, linazama ndani ya ukuta, likivutwa kwa mkanda wa ngozi wenye matundu. Kila linaposhuka likiwa limelowa, linashuka na maji yake. Chini ya ukuta pameachwa vijitundu vya kuyatoa, na vijitundu vikizibwa na vumbi na maganda ya karanga ya miaka mingi, boriti ya chini huoza kimyakimya huku rangi ya nje ikiwa inang'aa. Fundi anaichoma kwa sindano ya seremala, hatua kwa hatua, akisikiliza. Penye mbao nzima sindano inagoma. Penye kuoza inazama kama kwenye ugali.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mtu mwenye haraka ataing'oa boriti nzima aweke mpya, na hakuna atakayemlaumu. Huyu anakata sehemu iliyooza peke yake, kwa mshazari mrefu, anachonga kipande cha mbao ya aina ileile, mtiki kwa mtiki, mvule kwa mvule, nyuzi zikielekea upande uleule, anakipachika kwa gundi na kukiacha kikae siku kadhaa chini ya vibano. Kisha, mahali pasipoonekana, anaandika mwaka wa kazi juu ya kiraka, ili fundi atakayekuja baada yake asidanganyike akadhani ni mbao ya mwanzo. Ni uungwana wa ajabu huu, kuficha kiraka kwa mpita njia na kukikiri kwa mwenzako wa kazi.

Rangi nayo haikwanguliwi ovyo. Mahali pamoja, pengine nyuma ya mlango, anasugua kwa maji na msasa laini kwa duara linalopanuka, na tabaka zinajitokeza moja baada ya nyingine kama pete za mti. Ndani ya duara dogo kama kiganja unasoma wenye mali wote waliopita, kila mmoja na rangi yake, mpaka ule wekundu wa damu ya mzee wa shirika la Afrika Mashariki unapotokea chini ya rangi zilizofuata. Rangi ya zamani haikuwa ya kupuliza asubuhi na kuuza jioni. Behewa la mbao lilipakwa zaidi ya mikono kumi, kila mkono ukikauka na kusuguliwa kabla ya unaofuata, na kazi ilichukua wiki nyingi. Pia iliua watu, kwa sababu ilikuwa na risasi ndani yake. Anayeikwangua leo bila barakoa anameza sumu ya babu yake. Baadhi ya mabehewa ya baadaye yalijazwa asbestosi kwenye kuta, na hapo fundi mwenye akili huweka vifaa chini akaita wanaoijua kazi hiyo.

Ndani ndiko subira inakopimwa hasa. Wavu wa mizigo wa kamba juu ya viti, kitanda kinachokunjwa kikawa ukuta, beseni la kunawia linalofunikwa na kugeuka kijimeza, kibao cha namba ya kiti. Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyoibiwa kwanza behewa linapostaafu, maana shaba ina mnunuzi na kioo kina mnunuzi. Fundi akikuta bawaba moja imebaki kati ya nane, anazitengeneza saba kwa kuifuata ile moja, lakini anaiacha ile ya mwanzo ilivyo, na ukungu wake. Shaba anaifuta kwa kitambaa. Haing'arishi mpaka ikapoteza herufi zilizochongwa juu yake. Mbao iliyofifia anailisha nta ya nyuki kidogokidogo, akiipa wiki nzima kati ya mkono na mkono. Na pale ambapo maelfu ya viganja yameshika nguzo wakati treni ikikata kona, pamekuwa peusi na laini kuliko kwingine. Hapo hapaki kitu.

Nilichokifanya mimi kwa kigoda kina wafuasi wenye pesa. Kampuni ya Rovos Rail ya Afrika Kusini, iliyoanza safari zake mwaka 1989, hukusanya mabehewa makuukuu, huyavua yote na kuyajenga upya yakawa vyumba vya kifalme, na treni yake imekuwa ikifika Dar es Salaam kupitia reli ya TAZARA. Siidharau kazi hiyo. Useremala wake ni wa hali ya juu, na bila kampuni hiyo mengi yangekwisha kuwa chuma chakavu. Lakini abiria anayelala humo analala katika ndoto ya leo kuhusu zamani. Bafu lile halikuwapo. Mkataba wa Riga wa mwaka 2005, ambao vyama vya reli za kihistoria vya Ulaya viliukubali, unataka kila badiliko liandikwe na ikiwezekana liweze kurudishwa nyuma. Sharti hilo naliona zito kuliko linavyosikika, maana linamtaka fundi afanye kazi akikumbuka kwamba huenda amekosea.

Kuna jambo moja linanikera katika mapenzi yetu ya mabehewa ya zamani. Yanayohifadhiwa ni ya wakubwa: ya mkaguzi, ya gavana, ya wanandoa wa kifalme, ya chakula yenye vijiko vya fedha. Ryall alinyakuliwa ndani ya behewa lenye vitanda. Vibarua wa Kihindi na Kiafrika walioijenga reli hiyo na kuliwa na simba Tsavo walilala kwenye mahema, na mahema hayana makumbusho. Babu zetu na baba zetu waliosafiri kutoka Mwanza walikaa daraja la tatu, kwenye mabenchi, magoti kwa magoti, kuku chini ya miguu, mtoto wa jirani amelala mapajani mwako tangu Tabora bila wewe kumjua jina. Benchi hilo lilichongwa na fundi yuleyule aliyechonga kitanda cha mkaguzi, nalo lina weusi wake wa viganja, mwingi kuliko wa daraja la kwanza, kwa sababu lilishikwa na watu wengi zaidi.

Tanzania sasa ina treni ya umeme. Tangu mwaka 2024 abiria anatoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma kwenye reli mpya, na reli hiyo inajengwa kuja Mwanza. Nitaipanda kwa furaha siku ikifika. Ikifika, baadhi ya mabehewa ya reli ya zamani yatakosa kazi, na wanunuzi wa chuma chakavu hawachelewi kamwe.

Basi wenye reli, ombi langu ni hili. Wekeni behewa moja la daraja la tatu, Mwanza au Tabora, lililotumika mpaka likachoka. Lijengeeni banda kwanza kabla ya kufikiria rangi. Mabenchi yabaki na majina yaliyochorwa kwa misumari na abiria waliochoka kungoja, na asiruhusiwe mtu kuingia na msasa. Mimi nitamleta mwanangu kutoka Mbalibali akae humo, na nitamwambia ashike nguzo palipo peusi.