Juu ya Neno "Muhoi" katika Kitabu cha Kenyatta

Kitabu cha Jomo Kenyatta kiitwacho Facing Mount Kenya kilipigwa chapa London mwaka 1938, na dibaji yake iliandikwa na Malinowski, mwalimu wake. Wengi wakisomapo hukimbilia sura za tohara na ndoa, maana ndizo zenye ubishi. Kwa maoni yetu iliyo bora ni sura ya ardhi, nayo yastahili kusomwa polepole.

Shabaha yake ni kukanusha fikira moja, ya kwamba ardhi ya Wakikuyu ilikuwa mali ya kabila zima, na kwa hiyo si ya mtu yeyote. Kenyatta aonyesha kwamba kila githaka ilikuwa na wenyewe, yaani mtu aliyeipata, kisha jamaa yake baada yake. Mwangalizi wao aliitwa muramati, wala haki yake haikuwapita ndugu zake. Jambo hili lilikuwa zito, kwani Tume ya Ardhi ya Kenya ilikwisha kutoa taarifa yake mwaka 1934, na Wakikuyu wengi hawakuridhika nayo.

Lakini neno linalotushika zaidi ni muhoi. Latokana na kuhoya, yaani kuomba. Ndilo neno la kusali pia. Muhoi ni mtu apewaye mahali pa kulima katika githaka ya mwenziwe kwa urafiki, pasipo malipo. Mwalimu atakaye kulifasiri kwa Kiswahili atajikwaa. Akisema "mwombaji", wanafunzi watamwona maskini aketiye njiani na kibakuli chake. Akisema "mpangaji", ameingiza kodi ambayo haikuwapo. Afadhali aliache lilivyo na kulieleza. Hata hoja kubwa ya mwandishi yasimama juu yake: asema Wazungu wa kwanza walipokewa kama ahoi, watu wa kupita, ambao siku moja wangekwenda zao. Wageni wenyewe hawakujua kwamba wamepokewa kwa sharti hilo.

Hapa ndipo twamlaumu kidogo. Msemaji wa sura hii ni mwenye githaka. Muhoi twamwona kwa jicho la aliyempa. Yeye mwenyewe haneni. Hatumsikii akieleza alivyolima mwaka hata mwaka, wala alilotumaini kuwaachia watoto wake, wala alivyojitetea mwenye ardhi alipobadilika moyo.

Kasoro hii si ndogo. Hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952, na mpango wa Swynnerton ukaja mwaka 1954. Mashamba ya Wakikuyu yakapimwa, yakaunganishwa, yakaandikwa kwa jina la mtu mmoja mmoja. Ruhusa iliyotolewa kwa urafiki haikuwa na mahali katika daftari. Ahoi wengi walipoteza mashamba waliyokuwa wakiyalima, na mtu aliyelieleza neno lao kwa ufasaha kuliko wote alikuwa kifungoni wakati huo.