Amri ya Kuhifadhi: Je, Neno na Kitendo Vyaafikiana?

Miongoni mwa maneno ambayo mtumishi wa ofisi huyaona kila siku katika kompyuta, "Hifadhi" limeshika nafasi ya mbele. Ni tafsiri njema. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hubeba pamoja maana za kuokoa aliye hatarini, kuweka akiba na kutunza. Mfasiri angeweza kuteleza akaandika "Okoa". Makala haya basi hayana ugomvi na istilahi hiyo. Ugomvi wake ni na mashine, ambayo hupewa neno hili kisha isilitii.

Katika Kiswahili, kuhifadhi ni kukilinda kitu kisipotee wala kuharibika. Aliyehifadhi Kurani anayo moyoni. Mtunza nyaraka haichani barua ya mwaka 1961 ati kwa sababu ya mwaka 1962 imefika. Wala hakuna atakayekubali kwamba Hifadhi ya Serengeti maana yake ni kuwaondoa wanyama wa mwaka jana ili wa mwaka huu wapate nafasi. Lakini katika programu nyingi za kuandikia, mtu abonyezapo "Hifadhi", hati mpya hushika mahali pa ile ya zamani yenye jina lile lile, na ya zamani hutoweka. Yaliyotangulia hufutwa kwa amri hiyo hiyo iitwayo ya kuhifadhi.

Mimi mwenyewe nimeionja hasara hiyo. Nilifungua orodha ya istilahi zilizokwisha kupitishwa na kikao ili niifanye kiunzi cha orodha mpya. Nikafuta safu ya Kiswahili, nikaanza kujaza, na kwa mazoea ya mkono nikabonyeza "Hifadhi" kabla ya kubadili jina. Majadiliano ya siku tatu yakaenda. Nakala ya karatasi ilipatikana kwa mjumbe mmoja, imejaa masahihisho ya kalamu, ikabidi yote yachapwe upya.

Mtu atasema: kosa ni lako, ungetumia "Hifadhi kama". Basi na tuitazame hiyo. "Kama" hulinganisha au huweka sharti. Msomaji aonapo "Hifadhi kama" hubaki akingoja: kama nini? Hapa mfasiri amefuata mpangilio wa maneno ya Kiingereza, akakiacha kitendo. Kitendo chenyewe ni kuipa hati jina jingine au mahali pengine, na toka hapo mwandishi huendelea kuandika katika hiyo mpya, ile ya awali ikibaki kama ilivyohifadhiwa mara ya mwisho. "Hifadhi kwa jina jingine" ni ndefu zaidi, lakini inasema. Tena iko amri ya tatu, iliyomo katika LibreOffice, inayotoa nakala pembeni na kumwacha mwandishi katika hati yake ya awali. Hiyo yafaa iitwe "Toa nakala", maana azichanganyaye hizi mbili aweza kuhariri mchana kutwa hati asiyoikusudia.

Watengenezaji nao wamehangaika. Mwaka 2011 Apple, katika mfumo wake wa OS X Lion, iliiondoa amri ya jina jingine katika programu zake za hati, ikaweka ya kurudufu, huku mashine ikihifadhi yenyewe. Watumiaji wakanung'unika, na mwaka 2012 amri ikarejeshwa, ingawa haionekani mpaka kitufe cha ziada kibonyezwe. Google Docs haina kabisa kitufe cha kuhifadhi: mabadiliko hurekodiwa kadiri mtu aandikavyo, na matoleo ya nyuma yaweza kufunguliwa. Umeme ukatikapo, hiyo ni rehema. Lakini mashine hurekodi hata nilichokuwa nikijaribu tu, na mwenzangu afunguaye hati hukuta jaribio langu limekwisha kuwa hati.

Rai yangu ni kwamba kurekodi na kuhifadhi ni vitendo viwili, navyo vipewe maneno mawili. Kurekodi kuwe kazi ya mashine, bila ya kuulizwa. Kuhifadhi kubaki kauli ya mwandishi kwamba toleo hili lilindwe, nalo liweze kufunguliwa hata baada ya kuhifadhiwa mengine kumi. Programu isiyoweza kufanya hivyo iseme kweli: iandike "Futa ya zamani, weka hii", na iulize kwanza. Nao wafasiri wanaoletewa orodha ya maneno ya menyu bila ya programu yenyewe wasikubali kuijaza kabla ya kuonyeshwa kila amri inatenda nini.